Skrini za tachi, someni kabla ya Jumamosi

Jamani habari za jioni, samahani ni ndefu kidogo ila someni mpaka mwisho maana Jumamosi tuna harusi Kigamboni na nataka kamera zote zirudi nzima. Juzi nimepokea ile Canon 200D ina mkwaruzo mrefu katikati ya skrini, kumbe mtu alikuwa anagusa kwa ncha ya kalamu sababu vidole vilikuwa na mafuta ya pilau, roho imeniuma sana kwa kweli. Hii skrini inahisi umeme wa kidole, kalamu ya kawaida haifanyi kitu zaidi ya kuchuna kioo, na kidole cha jasho au maji kinaichanganya, unagusa uso wa bibi harusi yenyewe inafokasi maua ya nyuma. Futa mkono kwanza.

Skrini ikiwa nzito kuitikia kidole usikandamize, ingia menyu, Touch control, weka Sensitive. Protekta nene nazo zinapunguza tachi, bandika nyembamba ya saizi yake.

Kusafisha sasa, na hapa ndo wengi mnakosea: pale ufukweni mchanga mdogo unakaa kwenye kioo huuoni, ukifuta na shati au kanga unauburuza wote, kwa hiyo puliza kwanza na ile pampu ya mpira halafu ndo kitambaa laini cha miwani, taratibu, kamera ikiwa imezimwa. Ukimaliza kupiga geuza skrini iangalie ndani kabla hujaiweka begini.

Vitambaa ninavyo sita, asiye nacho aniambie leo.