Tupa Ndani ya Mkate

Langoni, Amu (Lamu)

Ndugu yangu Swaleh,

Asalaam aleikum. Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Pepo za kusi zimeanza, madirisha yanagonga usiku kucha. Mama anakusalimu sana, anasema kwenye ile picha umekonda na Malindi hawakulishi.

Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolitamka siku ile jetini juu ya mashujaa wa vitabu vya katuni, mguu mmoja umeshautia ndani ya boti ya Mokowe: "Spider-Man ni mtoto tu, Batman ndiye mwanamume." Injini ikawaka, ukaenda zako, mimi nikabaki na jibu mdomoni. Wiki ya tatu hii. Kwenye simu haliingii, ni refu, na nataka ulisome polepole.

Tuanze na huyo mtoto. Alitoka mwaka 1962, kazi ya Stan Lee na Steve Ditko, na tangu siku ya kwanza ni yatima anayelelewa na ami yake Ben na mke wa ami yake, May, huko Queens, New York. Hana jumba, hana mtumishi, pesa ya kodi nyumbani ni shida. Lile vazi lake alilishona mwenyewe chumbani, kwa mkono. Nilimhadithia hayo ami yangu pale barazani, naye yuko katikati ya kofia. Unamjua akishona: tundu moja, analizungushia uzi, analibonyeza kwa ukucha, ndipo aende la pili, na kofia moja inamla miezi. Akasimamisha sindano. "Na ule utando wote wa kifuani kashona yeye?" Nikamwambia naam. Akautazama uzi wake kidogo, akasema, "Huyo ni fundi." Swaleh, ami yangu hampi mtu jina hilo bure.

Sasa Batman wako, yule tajiri wa mji wa Gotham anayevaa kama popo. Ni mtu wa zamani, tangu 1939, na heshima yake namwekea. Lakini mlete hapa mjini kwetu! Lile gari litapita wapi? Punda wawili wa mchanga wakikutana kwenye vichochoro vya mtaa wa Mkomani, mmoja lazima arudi nyuma. Joho lake litanasa kwenye msumari wa kila mlango. Itabidi apande punda kama sisi sote, na punda wa Amu wakiamua kusimama wanasimama, uwe tajiri wa Gotham au usiwe. Nilicheka peke yangu usiku nikimwona kwa mawazo, masikio yake mawili na ya punda mawili, wakipita mbele ya ngome.

Kuhusu Superman sina ugomvi nawe.

Storm je? Yuko na X-Men, kile kikundi cha mashujaa, tangu 1975, na mama yake ni Mkenya, jambo ambalo watu wengi hawalijui na mimi nalisema popote nikaapo. Alibaki yatima Cairo, nyumba ilipowaporomokea akafukiwa pamoja na maiti ya mama yake. Ndiyo maana mpaka ukubwani, mwanamke anayeita radi, ukimfungia mahali finyu pumzi humwishia. Hilo hunikaba koo kila nikilikumbuka. Mdogo wangu wa kike anampenda kupita kiasi. Juzi nimemkuta juu darini, leso kaifunga shingoni, mikono juu, anaiamuru kusi itulie ili baba aende baharini. Haikutulia. Akasema ataijaribu tena alasiri.

Lakini jibu langu hasa ni hili, na nimelipata kwa Fumo Liongo wetu, shujaa wa hadithi za kale za Waswahili. Tulisimuliwa sote, ila nadhani tulikuwa tukisikiliza mishale na nguvu tu. Hebu irudie ile habari ya gerezani. Mfalme wa Pate kamtia minyororo, askari wako mlangoni. Jitu lile lenye kutisha nchi nzima, nguvu zake hazikumtoa. Aliyemtoa ni mama yake na Saada, yule kijakazi aliyekuwa akipeleka chakula. Kila mkate mzuri askari waliula wao. Basi mama akapika mkate wa wishwa, mkavu, usiotamanika, akatia ndani tupa, ile ya kukerezea chuma. Askari wakaudharau, wakamwachia. Nje watu wakapiga ngoma na matoazi, ndani yeye anakereza chuma. Hata alipokwisha kuchomwa sindano ya shaba kitovuni, tena na mwanawe mwenyewe, akafa amepiga goti kisimani na upinde mkononi, watu hawakuthubutu kwenda kuteka maji. Walimwendea nani awasaidie? Mama yake, aende kumbembeleza.

Tangu nilipoliona hilo, kila shujaa namuuliza swali moja: nani anakutilia tupa ndani ya mkate? Mfalme T'Challa, aliyechezwa na Chadwick Boseman kwenye filamu ya Black Panther ya 2018, tuliyoitazama watu kumi na wawili kwenye kitanda kimoja na viti viwili, unakumbuka? Bustani ya mimea inayompa mfalme nguvu inachomwa moto, na Lupita wetu, akiwa Nakia, anakwapua ule mmea wa mwisho na kukimbia nao. Huyo ni Saada mtupu! Wanamkuta mfalme yuko barafuni, nusu maiti, na mama yake na dada yake wapo. Chadwick Boseman alipofariki Agosti 2020, miaka 43, tukasikia kumbe alikuwa akicheza na saratani mwilini, nililia kama nimefiwa. Naamini naye alikuwa na watu wake nyumbani wa kumtilia tupa.

Na hapa nikupe haki yako, kwa kuwa nimepima kwa kipimo changu nikakuta Batman anapita. Ana Alfred, mtumishi wake. Mtu anayekesha na taa, anayemfunga majeraha, anayemwambia ukweli usotamu na asubuhi kumletea chai. Kwa ajili ya Alfred, nakubali. Batman ni mwanamume. Lakini Spider-Man ana May, kwa hivyo neno lako la "mtoto tu" lifute.

Nimalizie na Samwise wa hadithi ya The Lord of the Rings, mtunza bustani wa Frodo, kwa kuwa ndiye nimpendaye kuliko wote. Hakuweza kumchukulia mwenziwe mzigo wa ile pete, basi akamchukua mwenziwe mgongoni, juu ya mlima wa moto. Kila nikifika hapo nakuona wewe. Nilipokatwa wayo na chaza kule Shela, maji yamejaa ufuoni, boti hakuna. Ulinibeba hadi mjini, maji yakikufika magotini, kanzu yako imetapakaa damu yangu, na njia nzima unanisimulia filamu ambayo ulikuwa hujaiona, unaitunga papo hapo ili nisilie. Sijawahi kukushukuru kwa maandishi. Ahsante, ndugu yangu.

Njoo Iddi hii, usitoe udhuru wa kazi. Mama ameahidi kukupikia mkate wa mofa. Ila upasue kwanza kabla hujauma.

Nduguyo,
Abdalla