Kamera ya filamu ya 120 si kamera moja, ni nne

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Vijana wamerudi kwenye filamu na mimi nimefurahi kweli, ila kila anayeandika habari za hizi kamera za midiamu fomati, zile za filamu pana ya 120, anaanza na kumaliza na ukubwa wa negativu. Ni kweli, negativu ya 6x6, yaani sentimita sita kwa sita kwa jina, ni kama milimita 56 kwa 56, eneo lake ni zaidi ya mara tatu ya ile ya kawaida ya milimita 35, na hicho ndo kilichonivuta hata mimi. Lakini hakuna anayemwambia anayeanza kwamba akinunua hizi zinazofunguka vipande vipande hanunui kamera moja, ananunua mashine nne za kizee zilizoshikana, na kila moja ina ugonjwa wake.

Hebu tuhesabu. Kuna bodi, ambayo ni kama boksi tu lenye kioo ndani. Kuna lenzi, na kwa nyingi kama Hasselblad 500C ya 1957 au Mamiya RB67 ya 1970 shata unayopigia picha, ule mlango unaofunguka na kufunga kuingiza mwanga, imo ndani ya lenzi yenyewe, kwa hiyo mwenye lenzi tatu ana shata tatu za kumuumiza kichwa. Kuna magazini, lile kasha la nyuma linalobeba filamu. Halafu kuna kile cha kuchungulia kwa juu, hicho hakina shida sana isipokuwa kinageuza kulia kuwa kushoto, mtu anapita kulia wewe unamwona anaenda kushoto, unamfuata na kamera ndo kwanza unazidi kumpoteza. Utazoea.

Mimi yalinikuta kwenye magazini. Nilinunua kamera iliyotumika, aliyeniuzia simtaji, akaniambia kila kitu kinafanya kazi, nikabonyeza, ikalia vizuri, nikatoa hela. Rolu ya kwanza picha zikarudi na mchirizi mweupe unaoingia kutoka pembeni. Nikasema labda aliyesafisha filamu kakosea. Rolu ya pili nikapeleka kwa mwingine, mchirizi ule ule. Ya tatu nikaanza kujishuku mwenyewe. Rolu moja ya 120 kwa 6x6 inatoa picha 12 tu, kwa hiyo hapo nishapoteza 36, zikiwemo za watu ambao siwezi kuwarudisha wasimame tena pale walipokuwa.

Fundi mmoja mzee alichukua lile kasha, akachomoa kile kibati chembamba unachokichomeka ubavuni kuzuia mwanga ili uweze kubandua magazini katikati ya rolu, akanionyesha ule mwanya kinapopita. Ndani yake huwa kuna kisponji na utando mwembamba wa kuziba, sasa changu kilikuwa kimeshaoza, ukigusa kinakuwa ungaunga mweusi kwenye kidole. Kumbe kila nikichomoa kibati nipige picha juani, mwanga unajipenyeza pale polepole. Kukibadilisha ni kazi ndogo sana, kipande chenyewe unakishika kwa ncha mbili za vidole, lakini nani aliwahi kuniambia nikiangalie?

Kwa hiyo kwa anayetaka kununua, usisikilize mlio tu. Weka spidi ya sekunde moja, piga, sikiliza shata inavyotembea, ikikwama katikati au ikivuta kama mgonjwa ujue oili imeganda kwa kukaa bila kutumika, na spidi za polepole ndo zinazosema ukweli kwanza maana zile za haraka sikio halitofautishi kitu. Fungua nyuma umulike kwenye lenzi, uangalie zile bleidi, vile vibati vyembamba vinavyofunguka na kufunga ndani ya lenzi, kama zina oili. Kwa magazini za Hasselblad angalia pia namba, ile ya kitoto cha ndani kinachoshika filamu inatakiwa ilingane na tarakimu za mwisho za kasha la nje, zisipolingana ni kwamba mtu kachanganya mbili tofauti na nafasi kati ya picha na picha inaweza isikae sawa.

Na jambo la kubadilisha lenzi kwenye hizo hizo Hasselblad, bodi na lenzi lazima vyote viwe vimekokiwa, yaani springi zimeshavutwa tayari kupiga, kabla hujaviunganisha au kuviachanisha. Ukiweka lenzi isiyokokiwa kwenye bodi iliyokokiwa inang'ang'ania pale, haitoki wala haipigi. Usiivute kwa nguvu. Mimi niliivuta.

Sasa kupakia filamu, hapa watu wengi ndo wanakata tamaa na wala si kugumu. Hii filamu ya 120 ipo tangu 1901, haina kopo kama ya milimita 35, haina matundu pembeni, imeviringishwa tu pamoja na karatasi kwenye kijiti. Kaa kivulini, wala sio kwenye gari lenye jua dirishani. Chana kile kikaratasi cha kufungia, vuta ncha ya karatasi, ichomeke kwenye kijiti kitupu, halafu huku unazungusha weka dole gumba juu ya rolu ibaki imekaza, maana ikilegea itajiviringa nene na mwanga utaingia kingoni. Zungusha mpaka mshale uliochapwa kwenye karatasi ukutane na alama ya kamera, funga, peleka mpaka namba 1. Ikiisha hairudishwi nyuma, unaimalizia tu mbele, unatoa, unalamba ile gundi unafunga. Kijiti kilichobaki kitupu unakihamishia upande wa pili kupokea rolu inayofuata, usikitupe! Mara ya kwanza nilikitupa, nikabaki na filamu mpya mkononi na hakuna pa kuiviringishia.

Lenzi moja inatosha, kwa 6x6 chukua ya milimita 80 ambayo inaona karibu kama jicho, na magazini moja. Mita ya mwanga isikucheleweshe, jua kali weka tundu la lenzi kwenye f/16 na spidi iliyo karibu na ISO ya filamu, ile namba ya wepesi wake wa kushika mwanga, kwa ISO 100 piga 1/125 ya sekunde. Na nikisema hivi wenzangu watanuna, lakini asiyetaka hizi mashine nne achukue ile ya lenzi mbili juu na chini kama Yashica Mat-124G au Rolleiflex, lenzi haitoki, magazini haipo, kibati hakipo, filamu ni ile ile na negativu ni kubwa vile vile. RB67 nayo ni nzuri sana ila ikikamilika inapita kilo mbili, ibebe shingoni siku nzima ndo uje tuongee.

Ombi langu kwako mhariri ni dogo. Siku mkitoa tena makala ya kamera hizi msiweke ile picha ya kamera inang'aa kwa mbele, hiyo kila mtu keshaiona. Igeuzeni, fungueni kasha la nyuma, mpige ule mwanya wa kibati kwa karibu, na pembeni yake muweke kimoja kilichooza na kimoja kizima watu waone tofauti.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpiga picha wa mwisho wa wiki