Makaratasi ya ChatGPT: kwa nini hatupigi kashe (muhuri) bila kusoma

Siku hizi mteja anaingia kwenye kabine yetu ya mawakili hapa Lubumbashi simu mkononi, mkataba umeshaandikwa na ChatGPT, ile mashine ya kujibu na kuandika, Kifaransa kimenyooka kabisa, na neno lake kwa wakili ni moja: "Metre, miye nimekwisha kuandika, weye utapiga tu kashe." Kisha anauliza bei itashuka kiasi gani, maana kazi ameimaliza yeye. Mnaouliza hivyo mmekuwa wengi, basi tujibu hapa mara moja: bei inashuka kidogo tu, na sababu ni hii.

Chukua mkataba wa kupangisha nyumba ya komini ya Kampemba tulioletewa hivi karibuni. Umepangwa vizuri, vifungu vina namba, hata habari ya kupaka rangi kuta wakati wa kuhama imo. Lakini garanti, ile pesa ya dhamana anayoweka mpangaji, imeandikwa miezi sita ya kodi, na chini yake kimetajwa kifungu cha 1719 cha Code civil, kitabu cha sheria za kiraia. Kifungu hicho kipo kweli. Kipo Ufaransa. Kwetu nyumba ya kukaa inafuata sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, nayo inakataza garanti ya nyumba ya kukaa kupita miezi mitatu. Tunajua kwamba mtaani wenye nyumba wanaomba zaidi na wapangaji wanalipa. Ila ukiandika miezi sita na kutia sahihi yako, umempa mpangaji fimbo ya kukupigia siku mtakayogombana.

Mashine ya namna hii inakisia neno linalofuata, kwa kufuata maandishi mengi mno iliyosomeshwa. Sheria za Ufaransa zimejaa kwenye intaneti, na hukumu zake, na maelezo ya maprofesa wake. Zetu ni haba. Hukumu nyingi za tribinali zetu zimelala kwenye makabati ya grefe, ofisi ya makaratasi ya mahakama, hazijawahi hata kupigwa picha. Kwa hiyo ukiiuliza kwa Kifaransa bila kusema uko Congo, inakujibu kana kwamba unakaa Lyon. Ukisema uko Congo, mara nyingine inabadilisha jina la sheria tu, na mawazo ya Ufaransa yanabaki mle ndani. Barua za kudai fidia zinazotufikia zinataja kifungu cha 1240. Chetu ni cha 258, Kitabu cha Tatu cha Code civil, kilichotoka kwenye dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Mawazo ya vifungu hivyo viwili yanakaribiana, basi hapo kosa linarekebishika haraka.

Kwenye lupango, yaani kiwanja, hasara ni kubwa. Mikataba ya mashine hupenda kuandika kwamba muuzaji "anamwachia mnunuzi umiliki kamili wa ardhi". Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya serikali peke yake. Unachoweza kuuza ni haki yako ya kuutumia, pamoja na nyumba iliyo juu yake. Na haki hiyo haihami kwa sahihi zenu wawili na mashahidi wanne. Inahama pale konsevatere, ofisa wa serikali wa hati za ardhi, anapotoa sertifika (hati ya kuandikishwa) mpya yenye jina la mnunuzi. Mtu akiishia kwenye karatasi ya kuuziana, hata iwe na kashe za rangi zote, bado hajafika.

Halafu kuna mambo ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote. Mashine haitakwenda Ruashi kuuliza kama lupango lile lile halijauzwa kwa mtu mwingine mwaka jana. Haitauliza kama mke wa muuzaji anajua kwamba nyumba inauzwa, wakati Code de la famille, sheria yetu ya familia, inataka mume na mke wakubaliane wote wawili. Kwetu sisi hilo ndilo swali la kwanza, na mara nyingi muuzaji akilisikia anaanza kutazama dirisha.

Msidhani wanaodanganyika ni wateja tu. Mwaka 2023, New York, mawakili walipeleka mahakamani hukumu ambazo ChatGPT ilizibuni, na jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Karibu na sisi, Pietermaritzburg huko Afrika Kusini, Januari 2025, mahakama ilitafuta hukumu tisa zilizotajwa kwenye kesi moja ikazipata mbili tu. Hiyo inatugusa sana, kwa sababu wakili hawezi kumwambia jaji kwamba ni mashine iliyoandika. Sahihi ni yake.

Na sisi tunaitumia, kwa nini tufiche? Inatusaidia kufupisha barua ndefu, kupanga tarehe za ugomvi uliochukua miaka, kunyoosha sentensi. Lakini kila kifungu tunakifungua wenyewe kwenye maandishi ya sheria kabla ya kukitumia. Kazi hiyo ndiyo unayoilipia, na urefu wake ni ule ule, karatasi iwe ya mashine au ya mkono.

Hatuingizi humo jina la mteja, namba ya sertifika, wala kitambulisho. Wakili anafungwa na siri ya kazi yake, na kuivunja ni kosa la jinai. Wewe mteja hakuna sheria inayokukataza kuitolea mashine siri zako mwenyewe, lakini fikiri kidogo: ukiandika kwamba ulipokea pesa bila risiti, maneno hayo yanakwenda kukaa kwenye kompyuta za kampuni ya nchi nyingine, na hayana ulinzi ule wa maneno unayoniambia mimi mlango umefungwa.

Kwa hiyo, baba, mama, usijisumbue kutafuta Kifaransa. Tutumie sauti kwa WhatsApp, kwa Kiswahili chako cha nyumbani, utueleze nani alimpa nani nini, lini, mbele ya nani. Leta makaratasi ya zamani hata kama yameloa mvua. Hati iliyochanika ya komini inatufaa kuliko kurasa kumi za mashine. Kama umeshatengeneza mkataba wako kwenye simu, ulete pia, maana unatuonyesha ulichokuwa unakitaka. Ila usitie sahihi kwanza, na usipokee pesa. Bei ya kusoma tunakutajia kabla hatujaanza, na kama tutaona ni afadhali kuandika upya, tutakuambia siku hiyo hiyo.