Vibali vya maji ya mto Mara vipigiwe hesabu ya kiangazi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu mto Mara, maana kila tarehe 15 Septemba tunaadhimisha Siku ya Mara, hotuba zinatolewa, miti inapandwa, ila swali la nani anavuta maji kiasi gani linabaki palepale.

Mto wenyewe una kama kilomita 395, unaanzia msitu wa Mau huko Kenya, Nyangores na Amala zikikutana ndo unaitwa Mara, unapita Maasai Mara na Serengeti mpaka Ziwa Victoria karibu na Musoma. Huko juu watu wameongezeka, msitu umekatwa sana, kuna mashamba ya kumwagilia, kuna hoteli za watalii, na huku kwetu Tanzania nasi tuna mifugo na tunataka kulima. Simlaumu anayehitaji maji.

Shida ni hesabu. Masika mto unafurika, ukichukua wastani wa mwaka mzima unaona maji yapo kibao, unagawa vibali. Sasa pampu zinafanya kazi zaidi lini? Kiangazi, mvua hakuna, mto umenywea. Hapo viboko wanabanana kwenye vidimbwi vichache, mavi yao yanarundikana chini mpaka oksijeni inaisha majini, mvua ikija ikasukuma ule uchafu samaki wanakufa, na hili watafiti wamelipima. Na ndo wakati huohuo nyumbu wanautegemea Mara, maana kaskazini mwa Serengeti vijito vingine vinakauka.

Sheria zipo jamani! Ya Tanzania ya 2009 na ya Kenya ya 2016 zote zinataka maji ya mahitaji ya lazima ya binadamu na ya kuuweka mto hai yatengwe kwanza, ndo kinachobaki kigawiwe. Na 2015 nchi hizi mbili zilisaini makubaliano ya kusimamia bonde pamoja.

Basi kibali kitolewe kwa kuangalia mwezi mkavu, pampu zote zifungwe mita, na vipimo vya pande zote mbili vibandikwe kwenye ofisi za jumuiya za watumia maji, mtu wa Butiama ajue Bomet kule Kenya wamevuta kiasi gani na wa Bomet ajue ya kwetu. Mwenye shamba kubwa ajenge bwawa avune maji ya masika, kiangazi azime pampu. Mama anayechota ndoo mbili za nyumbani yeye asiguswe kabisa.

Msomaji wako,
Mkoa wa Mara