Wanafunzi wa uchumi wa kimataifa waletwe mipakani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hunifikia kila dirisha la udahili wa vyuo vikuu linapofunguliwa. Mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma, kwenye mpaka wa Zambia, na kwa kuwa ninashinda mpakani, wazazi wa vijana waliomaliza kidato cha sita huniuliza kama shahada ya kwanza ya uchumi wa kimataifa ina maslahi. Huwajibu kwamba ni shahada nzuri, ila vijana wengi huiomba kwa matarajio yasiyoihusu, na vyuo vyetu huifundisha mbali mno na mahali ambapo uchumi wenyewe unafanyika.

Kuhusu matarajio sitasema mengi. Anayeota kufanya kazi ubalozini aangalie masomo ya diplomasia, ambayo yana chuo chake pale Kurasini. Uchumi wa kimataifa ni hesabu: kalkulasi, takwimu na hatimaye ekonometriki, yaani kupima nadharia za uchumi kwa takwimu, na kijana wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) aliyeichukulia BAM, hesabu za msingi za kidato cha tano na sita, kama somo la kujazia cheti huanza kutafuta namna ya kubadilisha kozi mapema sana. Anaweza kukariri mfano wa David Ricardo wa mwaka 1817, wa nguo za Uingereza na mvinyo wa Ureno, akafaulu mtihani. Lakini mwulize kama kushuka kwa thamani ya shilingi kutapunguza nakisi ya biashara yetu, yaani kiasi ambacho tunayoagiza yanazidi tunayouza nje, na hapo kukariri hakumsaidii, kwa sababu jibu linategemea jinsi wanunuzi wa ndani na wa nje wanavyoitikia mabadiliko ya bei. Mwaka 2023, dola zilipoadimika, waagizaji wa mafuta na dawa hawakuacha kuagiza eti kwa sababu bei kwa shilingi imepanda, kwani hakuna bidhaa ya ndani ambayo wangeikimbilia. Mwanafunzi asiyeweza kulipima jambo hilo kwa takwimu hubaki na maneno matupu kama sisi tusiosoma.

Lililonisukuma kuandika hasa ni la pili. Tumekuwa tukiwapokea ofisini wanafunzi wachache wanaokuja kwa mafunzo kwa vitendo. Mmoja wao, binti mwenye alama nzuri sana, alinieleza bila kusita tofauti kati ya eneo huria la biashara na umoja wa forodha. Siku hiyohiyo akaja mfanyabiashara mwenye shehena ya sabuni iliyotengenezwa nchini, inayokwenda Zambia, na mafuta ya mawese yaliyotumika yalikuwa yametoka Malaysia. Je, sabuni hiyo inastahili kuingia kama bidhaa ya Tanzania, au ilipe ushuru kama ya kigeni? Binti alinyamaza. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba tofauti aliyoikariri ndiyo iliyokuwa mezani.

Nilimweleza hivi. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, kwa hiyo tunakutana na Zambia ndani ya SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, ambayo eneo lake huria la biashara lilianza mwaka 2008. Katika eneo huria wanachama huondoleana ushuru, lakini kila nchi hubaki na ushuru wake dhidi ya wageni. Kusingekuwa na kanuni za uasili wa bidhaa, zinazoamua bidhaa ihesabiwe ni ya nchi gani, mali ya Asia ingeingilia kwenye nchi yenye ushuru mdogo kuliko zote, kisha ikasambaa kwa wengine bila kulipa kitu. Ndiyo maana afisa huuliza mawese yamebadilishwa kiasi gani hadi yakawa sabuni, na jibu linatafutwa kwenye jedwali la kanuni hizo na kwenye ankara za kiwanda. Tulikaa mpaka jioni tukipitia ankara moja baada ya nyingine.

Kesho yake alirudi na swali ambalo sikulitegemea. Ikiwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni umoja wa forodha tangu mwaka 2005, na ina ushuru wa pamoja kwa mali ya kutoka nje ya jumuiya, wa asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35, kwa nini mzigo unaopita Namanga kwenda Kenya bado unadaiwa cheti cha uasili, cha kuthibitisha ulikotengenezwa? Sababu ni kwamba kila mwaka wa bajeti nchi wanachama huomba ruhusa ya kutoza viwango tofauti kwa bidhaa fulani, hivyo ushuru wa pamoja si wa pamoja sana, na bado lazima ijulikane mali imetoka wapi. Kwa maoni yangu, swali hilo lina uzito kuliko mitihani mingi, na lilitoka kwa mwanafunzi aliyekaa kwetu muda mfupi tu.

Kuna jambo jingine linaloonekana vizuri zaidi kutokea huku. Vitabu hutumia kurasa nyingi kwa ushuru, ilhali kinachosimamisha malori yetu mara nyingi si ushuru. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, kisha ndani ya siku chache ikaruhusu kwa masharti. Aprili 2025 sisi wenyewe tulizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, kwa kuwa nchi hizo zilikuwa zimezuia baadhi ya mazao yetu, zikiwemo ndizi, na zuio hilo nalo liliondolewa baada ya muda mfupi. Siku kama hizo ni chache kwenye kalenda, lakini kwa mwenye nyanya au ndizi ndani ya lori ni mtaji mzima. Ni mwanafunzi gani wa uchumi amewahi kukokotoa hasara hiyo?

Wanafunzi wengi hufanyia mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ya halmashauri au tawi la benki ambako mjomba anafahamika, wakapewa kazi ya kupanga mafaili. Siwalaumu, maana nauli na chumba cha kupanga Tunduma au Rusumo havilipiki kirahisi kwa fedha ya mkopo wa mafunzo. Ninaloomba ni kwamba vyuo vinavyofundisha uchumi vizungumze na Mamlaka ya Mapato na vyama vya mawakala wa forodha, ili kila msimu wa mafunzo idadi fulani ya wanafunzi ipangiwe Tunduma, Namanga, Rusumo, Mutukula, Horohoro na Kasumulu, na posho yao izingatie umbali. Sisi tuko tayari kuwapa nyaraka za mizigo iliyokwisha kupita, majina ya wateja yakiwa yamefutwa, wazitumie katika utafiti wao wa mwaka wa mwisho.

Na wakipanga masomo ya hiari, wasikisahau Kifaransa. Sehemu kubwa ya mizigo inayopita hapa inakwenda Kongo au inatoka huko, na hati nyingi za wateja wa Lubumbashi zimeandikwa kwa lugha hiyo. Ofisini kwetu anayezisoma bila kuomba msaada ni mmoja tu, naye anakaribia kustaafu.

Wako,
Wakala wa forodha,
Tunduma, Songwe.