Kozi ya magonjwa ya mimea ianzie shambani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako nitoe rai kwa chuo kikuu chochote kinachotaka kuanzisha kozi ya magonjwa ya mimea: somo la kwanza liwe muhogo, na lifundishwe shambani.

Ugonjwa wa batobato wa muhogo uliandikwa na wataalamu mwaka 1894, katika nchi hii hii. Ugonjwa wake mwingine, michirizi ya kahawia, nao ulielezwa mwaka 1936 kutoka Amani, huku kwetu Muheza. Leo bado tunang'oa mihogo iliyooza. Na michirizi ni hatari kwa hila yake: shina limesimama, majani mengi ni ya kijani, ila yale ya chini yana mabaka ya manjano ambayo wengi hudhani ni uzee tu. Ukija kuchimba, ndani ya muhogo mna madoa magumu ya kahawia. Hauliki, hauuziki.

Virusi vinavyoleta magonjwa haya huenezwa na nzi weupe, lakini sisi wenyewe twavisafirisha mbali zaidi kwa kugawiana pingili, yaani vipande vya shina vya kupanda. Jirani akikuomba mbegu utamnyima? Hapo ndipo anapohitajika kijana aliyesoma, anayeweza kupasua muhogo mbele ya wanakijiji na kuwaonyesha shina lipi la kuchomwa na lipi la kutunzwa.

Darubini na maabara ni muhimu, sikatai. Ila mwanafunzi asipewe shahada kabla ya kukaa kijijini msimu mzima wa muhogo, tangu kupanda hadi kuvuna.

Mkulima,
Muheza, Tanga