Malalamiko Kuhusu Sura ya Pemba Katika Kitabu Chenu cha Wachawi Wanyonya Damu

Wete, Pemba

Kwa Mhariri Mkuu,

YAH: KOMBE NA POPOBAWA KATIKA KITABU CHENU CHA NYONGEZA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msimulizi, yaani kiongozi wa hadithi, wa kikundi cha vijana wanaocheza michezo ya kuigiza wahusika hapa Wete. Hukutana baada ya sala ya isha, tukatandaza ramani na dadu mezani. Kitabu chenu cha nyongeza ya mchezo, chenye kundi la wachawi wanyonya damu, tulikinunua kwa kuchangiana, kwa sababu mlitangaza kwamba kina sura nzima ya Pemba.

Linaloniuma zaidi ni kombe. Mmeandika kwamba wachawi wa kundi hili huandika aya kwa damu kwenye sahani, wakaziosha na kuwanywesha watu ili wawatie utumwani. Kombe sisi tumelinywa tangu utotoni. Mwalimu huchukua sahani nyeupe, akachovya kijiti kwenye zafarani na kuandika aya za Kurani taratibu, mstari baada ya mstari, mpaka sahani ijae. Maandishi yakikauka huoshwa kwa marashi, na mgonjwa akapewa anywe. Mama anayempa mwanawe kombe anamwombea shifaa kwa Mwenyezi Mungu. Mchezaji wetu mmoja, ambaye babu yake huandika makombe, alisoma ukurasa ule, akafunga kitabu na kwenda zake. Sikuweza kumlaumu.

La pili ni popobawa, pepo wa masimulizi ya huku, mliyemfanya mkuu wa kundi anayenyonya damu. Popobawa anayesimuliwa huku hanyonyi damu. Huwaingilia watu usiku vitandani mwao. Mwaka 1995, ambao ndio uliokuwa na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, hofu yake ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, wakiwasha moto. Mjini Unguja mtu mmoja aliuawa na umati uliodhani ndiye popobawa mwenyewe. Wazee wetu waliyapitia hayo, na anayetaka kuyatia mchezoni ayashike kwa adabu.

Hata popo halisi wa Pemba hamkumwacha salama, mkamhusisha na unyonyaji damu. Anaishi kisiwani kwetu tu, anakula matunda, na pale Kidike wageni huja kumtazama akining'inia mitini mchana. Popo wanyonya damu wako Amerika ya Kati na Kusini.

Kinachosikitisha ni kwamba mlichokitaka kilikuwepo. Enzi za ukoloni, watu wa pwani walisimuliana habari za mumiani: watu wanaokamatwa usiku na kukamuliwa damu ili itengenezwe dawa, na aliyeshukiwa mara nyingi ni Mzungu au mtumishi wa serikali yake. Hapo pana elimu ya siri, pana damu, na pana mabwana wanaoishi kwa jasho la wengine. Kundi la wachawi lingesimama juu ya hayo bila kuigusa Kurani.

Kazi kama hiyo inawezekana. Katika Vampire: The Masquerade, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1991, ukoo wa Tremere ni wachawi wa Ulaya walioona uchawi wao unafifia, wakajigeuza wanyonya damu ili wasife. Katika matoleo ya mwanzo ya mchezo una ngazi zake za utii, una makao yake Vienna, una dhambi inayouandama. Uovu wao unatokana na tamaa yao wenyewe, na ndiyo maana mchezaji anawaogopa huku akitaka kuwajua zaidi.

Naomba sehemu ya kombe iondolewe mara moja katika nakala za kielektroniki, na isirudi katika uchapaji ujao. Sehemu ya popobawa iandikwe upya pamoja na Wapemba wanaoijua habari yenyewe, walipwe kama mnavyowalipa waandishi wenu wengine. Na kikundi chetu kirudishiwe fedha zake, kitabu tutakirejesha.

Nasubiri jibu kwa maandishi.

Wenu,
Msimulizi wa kikundi, Wete